Nimepata bastola kwenye vitu vya marehemu ndugu yangu. Nifanye nini, na mbona huku polisi hawazinunui?

DadaMkubwa

Hamjambo wadau. Akaunti hii nimeifungua leo, msinitafute kwa ile nyingine. Niko Nairobi, upande wa Eastlands, zaidi ya hapo sisemi.

Ndugu yangu anayenifuata alifariki miezi mitatu iliyopita, ajali ya bodaboda. Tukazika, tukamaliza matanga, kila mtu akarudi kazini. Jumamosi mwenye nyumba akasema anakitaka chumba chake, basi nikaenda kutoa vitu: kitanda, meko ya gesi, nguo, na spika moja kubwa aliyokuwa akiringia sana. Kuinyanyua tu ikanilemea upande mmoja. Ubao wa nyuma ulikuwa umelegea skrubu. Ndani kuna fulana imekazwa kwa waya, na ndani ya fulana, bastola. Ndogo, nyeusi, mpini umezungushiwa selotepu.

Sijui aliitoa wapi. Alikuwa fundi wa simu na hakuwahi kuwa na kesi. Ila kuna miaka miwili hapo katikati alikuwa na marafiki ambao mama hakuwataka mlangoni. Niishie hapo, marehemu hasemwi.

Mama anataka itupwe chooni usiku tunyamaze. Mtoto wa shangazi yangu yuko Houston, nilipompigia akacheka. Anasema kwao hutangazwa siku, watu wanapanga foleni na magari kwenye uwanja wa kanisa, unafungua buti, polisi anachukua silaha, unapewa kadi ya kununulia vitu dukani na hakuna anayekuuliza jina. Mimi sitaki hata shilingi. Nataka tu hilo la mwisho, la kutoulizwa. Huku nikiingia kituoni na hiki kitu mkobani, nitatoka?

Kwa sasa iko mle mle ndani ya spika, spika iko kwangu, watoto nimewapeleka kwa nyanya yao.

MzeeWaZamu

Pole kwa msiba, binti yangu. Nilivaa sare miaka mingi, kwa hivyo nisikilize kabla hawa wengine hawajaanza kelele.

Usiiguse tena. Usijaribu kuangalia kama ina risasi. Wanaojipiga mguu ni wale waliokuwa wanaangalia tu. Funga chumba. Na usiibebe, si kwa mkoba, si kwa matatu, si kwa bodaboda. Ukikutana na msako pale Jogoo Road, hadithi ya spika utaisimulia ukiwa ndani ya Land Cruiser.

La choo lifutwe kabisa. Choo cha ploti hunyonywa. Siku likija lile lori, kitu kinakwama kwenye bomba, na wa kwanza kuulizwa ni wapangaji wote. Mtoni nako kuna vijana wanazoa takataka kila siku.

Kamoja_tu

Dada leta inbox, kuna mtu anaweza kukutoa hiyo presha na upate rent ya mwaka 😂

MzeeWaZamu

Wewe futa hayo maneno. Na wewe binti, yeyote atakayekujia kando kwa ujumbe wa siri juu ya hiki kitu usimjibu.

Hakimu_wa_Kibanda

Nafanya kazi kwa wakili, si wakili, kwa hivyo chukua haya kama ya jirani mwenye kusoma faili.

Inayokubana ni Sheria ya Bunduki, Sura ya 114. Kukaa na silaha bila cheti ni kosa, na kifungo chake huhesabiwa kwa miaka, si miezi. Zile za kivita kama AK-47 na G3 zinaweza kuleta kifungo cha maisha. Sheria haijali sana ilifikaje nyumbani kwako, inajali iko mikononi mwa nani na anajua. Wewe tangu Jumamosi unajua. Kila siku unayokaa kimya inakupunguzia maelezo.

Kinachofanyika ni hiki. Unamtafuta wakili leo, si Ijumaa. Yeye ndiye anampigia OCS, yaani mkuu wa kituo cha polisi, na kuandika barua kwamba mteja wake amekuta silaha kwenye mali ya marehemu na anataka kuisalimisha. Polisi ndio wanaokuja ilipo. Wakifika, iandikwe kwenye OB, kile kitabu cha matukio cha kituo, na upewe nambari, iandikwe pia orodha ya vitu vilivyochukuliwa, msaini wote na ubaki na nakala. Beba cheti cha kifo. Na mwenye nyumba aliyekuambia utoe vitu, huyo ni shahidi wako, usimkasirikie.

Kuhusu kutoulizwa, utaulizwa. Utaandika taarifa. Bastola itapelekwa maabara ya DCI, idara ya upelelezi, ifyatuliwe, ganda lake lilinganishwe na maganda yaliyookotwa kwingineko. Kama ina historia, historia hiyo itatoka. Ukweli wako ni mfupi, useme ulivyo, usimpambe marehemu wala usimchafue.

MamaWawili_Umoja

Haya ya barua ni mazuri kwa wenye mawakili. Kijana wa jirani yangu aliokota risasi mbili kwenye mtaro, mtoto mzuri, anasoma, akazipeleka kituo fulani (sitakitaja, bado tunaishi hapa). Alilala ndani siku tatu. Risasi mbili zikageuka "na bunduki iko wapi?" Tulichanga mpaka watu wa chama. Sasa hivi ukimuuliza akiona risasi atafanya nini, anasema ataziruka.

Dada, sikwambii usipeleke. Nakwambia mama yako si mjinga.

Majuu_Baridi

Niko Marekani mwaka wa 14, nimeona hizo foleni kwa macho. Binamu yako hakudanganya, ila alikuhadithia nusu.

Mambo haya ya polisi kununua bunduki yalianzia Baltimore mwaka 1974, dola 50 kwa kila bunduki. Zilikuja zaidi ya 13,000. Mauaji ya bunduki hayakushuka, yalipanda katika kipindi hicho hicho. Tangu hapo ni ubishi tu. Mwaka 2021 wachumi walitoa utafiti uliopima miji mingi iliyofanya ununuzi huu, hawakuona uhalifu wa bunduki ukipungua. Sababu si ngumu: jambazi hauzi kitendea kazi chake kwa kadi ya dola mia. Wanaokuja ni wajane, watu wanaohama, watoto waliorithi kabati la baba.

Halafu kuna werevu. Hapo hapo Houston mwaka 2022 jamaa alileta bunduki zaidi ya 60 alizozichapa kwa printa nyumbani, dola 50 kila moja. Mwezi uliofuata mwingine kule Utica, New York, akaleta vipande vya kuchapwa na kuondoka na kadi za dola 21,000. Wakabadilisha masharti haraka sana. Na mwisho wa 2023 magazeti yakafichua kwamba bunduki nyingi ambazo polisi walitoa ziharibiwe, kampuni ya kuziharibu ilikuwa inasaga kipande kimoja tu, yaliyobaki inayauza kama vipuri.

Mtoto_wa_Kapenguria

Nyinyi wa Nairobi mnaongea kana kwamba bunduki zimeanza juzi. Kwetu Pokot, mwaka 1979, Idi Amin alipoanguka kule Uganda, kambi ya jeshi ya Moroto iliporwa, silaha zikasambaa Karamoja mpaka kwetu ng'ambo ya mpaka. Wazee bado wanasimulia operesheni ya Lotiriri ya 1984, jeshi lilivyokusanya ng'ombe wa watu ili watoe bunduki. Februari 2023 tukapewa siku tatu za msamaha za kusalimisha, kisha operesheni.

Hata wangetaka kununua, wataweka bei gani? Wakiweka ndogo, nani atauza ulinzi wa mifugo yake? Wakiweka kubwa, mtu ataleta ile mbovu, achukue pesa, avuke mpaka arudi na mpya. Tena nikitoa yangu leo na jirani wa ng'ambo ya bonde hajatoa yake, usiku huo huo ng'ombe wameenda. Shida si pesa. Ni kwamba ukitoa unabaki uchi peke yako.

Hesabu_Haidanganyi

Kwa wanaopenda tarakimu: mwaka 2016 kule Ngong zilichomwa silaha 5,250, na 2021 tena 5,144. Picha nzuri, moshi mwingi. Small Arms Survey, watafiti wa silaha ndogo duniani, walikadiria kwamba mwaka 2017 raia wa Kenya walikuwa na takriban bunduki 750,000. Gawanya mwenyewe.

Australia ilifaulu kwa sababu haikubembeleza. Baada ya watu 35 kuuawa Port Arthur mwaka 1996, aina fulani za bunduki zilipigwa marufuku, ukikaa nayo ni kosa, ukiileta unalipwa thamani yake. Zilikusanywa kama 650,000 na wananchi wakakatwa kodi ya kulipia. Ni kisiwa, lakini. Sisi tuna mipaka ya Moyale, Mandera, Lokichoggio.

Mwalimu_wa_Jioni

Msiruke Msumbiji. Tangu 1995 Baraza la Kikristo la kule, chini ya Askofu Dinis Sengulane, lilipokea bunduki na kutoa cherehani, baiskeli, majembe, mabati. Bunduki zilikatwakatwa, wasanii wakatengeneza sanamu, na kiti kimoja cha enzi kiliundwa kwa mabaki hayo, kiko British Museum. Watu waliamini kwa sababu aliyepokea alikuwa mtu wa kanisa, hakuwa na pingu mfukoni.

Kamoja_tu

Baiskeli huku Eastlands? Itaibiwa na mwenye bunduki ambaye hakusalimisha 😂

Majuu_Baridi

Hiyo nimecheka. Lakini Mwalimu amegusa penyewe. Mimi napinga ununuzi kama dawa ya uhalifu, ila kwa mtu kama DadaMkubwa ningeuunga mkono kesho. Bastola iliyo ndani ya spika haitaua mtu leo, itaua siku mtoto wa jirani akija kuunga waya. Kumtoa huyo dada kwenye hiyo hali, hata bila senti tano, ni kazi. Na huku nilipo ndicho kitu pekee ambacho zile foleni zinafanya vizuri.

Hakimu_wa_Kibanda

Sawa, lakini kutoulizwa kuna gharama yake pia. Kama hiyo bastola iliua mtu Dandora, kuna mama mwingine anasubiri jibu. Ukiipokea bila maswali na kuiyeyusha, umeyeyusha na faili la mtoto wake.

MamaWawili_Umoja

Na yule mtoto wa risasi mbili, faili lake liko wapi?

Hakimu_wa_Kibanda

Hapo huna jibu kutoka kwangu, mama. Kuna IPOA, mamlaka huru ya kuwachunguza polisi, malalamiko yanapokelewa, lakini najua unachomaanisha.

DadaMkubwa

Nimesoma zote, asanteni. Sikulala. Hilo la mama mwingine ndilo lililoniharibia usiku, afadhali usingeandika. Nimepata wakili kupitia mtu wa kanisani. Kuna kitu kimoja nataka kujua kabla: mama yangu ataandikwa popote? Ana presha, na bado hajatoa nguo za marehemu kwenye kamba.

MzeeWaZamu

Aliyeikuta ni wewe, anayeandika taarifa ni wewe. Wakifika, mama awe kwa jirani anakunywa chai. Akiulizwa siku nyingine, aseme anachojua, ambacho ni kwamba mwanawe alikuwa fundi wa simu.

DadaMkubwa

Siku nne baadaye. Wadau, imeondoka.

Walikuja watatu, wamevaa kiraia, wakili akiwa amekaa hapo kwenye kochi. Mmoja alikuwa mkali mwanzoni, anauliza mbona nilingoja. Wakili akamwonyesha barua na muhuri wa siku ilipopokelewa, akatulia. Walipiga picha, wakavaa glavu, wakatoa risasi nne. Saa mbili nzima. Nimeandika taarifa kurasa tatu, nambari ya OB ninayo, nakala ya orodha ninayo. Wamesema wataniita maabara ikitoa majibu. Sijui nitasikia nini siku hiyo.

Kamoja_tu

Na kadi ya supamaketi?

DadaMkubwa

Wa Houston wanalipwa, mimi nimelipa wakili. Kwa awamu, kwa M-Pesa.

Tena wamebeba na spika, wanasema ni kielelezo. Mama bastola hataki hata kuisikia, lakini tangu jana ananiuliza spika ya mtoto wake itarudi lini. MzeeWaZamu, hivi hurudishwa?

MzeeWaZamu

Hurudishwa kesi ikifungwa, au ikionekana hakuna kesi. Andika barua sasa hivi ukiiomba, utaje nambari ya OB, na upeleke nakala mbili wagonge muhuri moja ubaki nayo. Wasipogonga, rudi kesho yake.