Dola ya dhahabu ya 1854 imetoka kwenye bati la vifungo, sonara anataka kunipa 90, nimpe?

Baba Neema wa Ohio

Habarini za saa hizi wakuu. Naombeni msaada maana hapa nilipo kila mtu ananiambia lake. Niko Columbus huku Ohio, kazi yangu ni kulea wazee, sasa Jumamosi nikapita nyumba moja walikuwa wanauza vitu vya bibi yao aliyefariki, si mnajua wanavyofanya huku, kila kitu kinabandikwa bei mpaka vijiko, nikachukua bati la biskuti limejaa vifungo kwa dola 6 kwa sababu mama Neema anashona. Usiku anachambua mezani mara akaniita, njoo uone hiki kifungo mbona hakina matundu halafu kizito hivi. Kumbe sio kifungo ni sarafu! Ndogo sana, ukiichanganya na vifungo vya koti huioni. Upande mmoja kichwa cha mwanamke, upande wa pili 1 DOLLAR 1854 na majani yamezunguka. Rangi dhahabu kabisa.

Sasa jamaa mmoja kazini kaniambia hizo hazina kitu, yeye anazo droo nzima alikuwa anarudishiwa chenji kwenye mashine ya tiketi. Mwingine akanitisha kabisa kwamba serikali ya hapa ilishapiga marufuku raia kukaa na dhahabu, nisiionyeshe ovyo. Nikaenda kwa sonara mmoja mjini akaiweka kwenye mizani hata dakika haijaisha akasema 90 keshi sasa hivi. Nimpe au nimwache? Mimi kwenye sarafu ni mbumbumbu, nisaidieni.

Mzee wa Sumni

Usimpe mtu kitu! Na cha kwanza kabisa kabla ya yote USIISAFISHE, hata kwa maji ya sabuni, hata kwa kitambaa, iache na uchafu wake.

Haya sasa twende. Huyo wa chenji za mashine anaongelea kitu kingine kabisa, zile ni dola za kuanzia 2000 zenye mama kabeba mtoto mgongoni, Sacagawea, zile ni shaba na manganizi imewekwa ing'ae, dhahabu hamna hata chembe, thamani yake ni dola moja tu kama ilivyoandikwa. Na wa marufuku naye kasikia nusu ya habari. Amri ya rais Roosevelt ilikuwepo kweli, Aprili 1933, lakini sarafu adimu za wakusanyaji ziliachwa nje toka siku ya kwanza, halafu katazo lenyewe liliondolewa mwisho wa 1974. Kwa hiyo lala usingizi.

Yako ni dola ya dhahabu yenyewe. Bunge lao lilipitisha sheria Machi 1849, mwaka mmoja tu baada ya ile dhahabu ya California kuonekana kwenye kinu cha mbao cha jamaa anaitwa Sutter, wakaanza kuzipiga mwaka huohuo wakaendelea mpaka 1889. Ilikuwa na kazi hasa miaka ile ya mwanzo, kwa sababu dhahabu ilivyomiminika, madini ya fedha yakapanda thamani kuliko bei iliyoandikwa kwenye sarafu zake, watu wakawa wanazificha sarafu za fedha na kuzisafirisha nje, dukani chenji hakuna, basi hiki kidude kikajaza pengo.

Ila mwaka wako 1854 ndo utamu wenyewe ulipo, manake mwaka huo zilipigwa za aina mbili. Mwanzoni ilikuwa ya upana wa milimita 13, watu wakalalamika inapotea mfukoni, wakaipanua ikawa 15 lakini nyembamba zaidi, uzito ukabaki uleule. Chukua rula upime. Halafu angalia kichwani kwa huyo mwanamke, kavaa kitaji kidogo kimeandikwa LIBERTY na nyota zimemzunguka, au kavaa manyoya ya ndege? Na geuza nyuma, chini ya lile shada la majani kuna herufi yoyote? Jibu hayo matatu ndo tuongee hela.

Baba Neema wa Ohio

Mkuu shukrani sana ila hapo kwenye kusafisha umechelewa. Niliipiga dawa ya meno na mswaki wa zamani wa mtoto kabla sijaenda kwa sonara, nilitaka ionekane smati.

Mzee wa Sumni

Yesu na Maria. Baba Neema umeipiga mswaki dola ya 1854.

Sonara Mstaafu

Nimecheka mpaka machozi. Pole sana mdogo wangu. Mimi nimekaa meza ya sonara Mwanza zaidi ya miaka 30, ya wakusanyaji siyajui sana, ila upande wa madini naweza kukusaidia.

Hiyo kitu nzima ni gramu 1.67, dhahabu humo ni asilimia 90, kwa lugha yetu karati 21 na nusu na kidogo, iliyobaki karibu yote ni shaba. Ukitoa shaba unabaki na dhahabu tupu gramu moja na nusu hivi. Sasa piga hesabu, aunsi (gramu 31 na kidogo) ikiwa dola 3,000 basi humo ndani kuna kama dola 145, ikiwa 4,000 ni kama 193. Huyo kakuambia 90! Simlaumu, hata mimi ningekuwa nyuma ya kaunta mtu akaja na kisarafu hajui ni nini ningeanzia chini, ndo biashara ilivyo, anaiona kama chakavu ya kuyeyusha. Na ungeileta Kariakoo ni hivyohivyo, angeipima kwa gramu basi, mwaka haumhusu. Kwa hiyo hata kama haina sifa yoyote nyingine usiende chini ya dhahabu iliyomo.

Jambo moja, mtu asije akaisugua kwenye jiwe la kupimia wala kuidondoshea asidi, itabaki na kovu. Uzito na kipenyo vinatosha kuanzia. Na niambie, pembeni kwenye ukingo hakuna dalili ya lehemu? Maana hizi nasikia wazungu walizifanya sana mapambo.

Otis wa Houston

Mambo vipi wasee. Hata mimi niko na moja lakini yangu iko na dubu mgongoni, imeandikwa California Gold 1852, nilinunua kwa soko ya wikendi hapa. Si hiyo ni ya zamani kushinda hata hii ya Baba Neema? Naeza pata ngapi?

Mzee wa Sumni

Otis ndugu yangu pole. California kweli watu binafsi walipiga visarafu vidogo vya dhahabu, vya robo na nusu dola, ila vya kweli vimeandika thamani yake, DOLLAR au CENTS. Ukiona dubu na hakuna thamani iliyoandikwa hiyo ni ukumbusho wa watalii, nyingi ni shaba. Mpe mtoto achezee.

Otis wa Houston

Aki hii maisha. Nililipa 40.

Mama Kisamvu

Mimi naomba kuuliza maana naona mnamkatisha tamaa kaka wa watu, kitu cha 1854 kina miaka 170 na zaidi, hiyo si lazima iwe maelfu ya dola?? Juzi nimeona mtandaoni dola ya dhahabu kama hiyo inauzwa bei ya gari.

Mzee wa Sumni

Mama Kisamvu umri peke yake haumnunulii mtu soda. Cha kuuliza ni zilipigwa ngapi, zimebaki ngapi, na wangapi wanazitaka. 1853 Philadelphia walipiga zaidi ya milioni 4, ndo maana ziko kila duka la sarafu. Lakini 1875 walipiga 400 tu za matumizi na 20 maalum za wakusanyaji, hiyo ukiipata uza gari lako wewe. Na kuna kituko kingine, za miaka ya 1880 nyingi ukisoma kumbukumbu zilipigwa chache mno, 1880 yenyewe 1,600, mtu anadhani ni adimu kumbe watu walizichukua mpyampya wakaziweka kabatini, leo zinapatikana zikiwa safi kuliko za miaka iliyopigwa malaki.

Bei ya gari uliyoona pengine ilikuwa na herufi. Kulikuwa na viwanda vya sarafu kule kusini, Charlotte anaweka C na Dahlonega anaweka D, vilifunguliwa 1838 kwa ajili ya dhahabu ya huko huko Carolina Kaskazini na Georgia, kabla California haijajulikana kabisa. Walipiga kidogokidogo, na vibaya pia, sura imefifia, ukingo haueleweki. 1855 Dahlonega walitoa 1,811 basi. 1861 ikaanza vita ya wenyewe kwa wenyewe, waasi wa kusini wakakiteka kiwanda cha Dahlonega wakapiga dola hizihizi kwa dhahabu waliyoikuta ndani na hawakuandika walipiga ngapi, hizo ndo watu wanauziana nyumba. Mimi niko Atlanta, nilishaenda Dahlonega, kama saa moja na kitu kaskazini, kiwanda kiliungua 1878 na juu ya msingi wake sasa kuna jengo la chuo lina mnara umepakwa dhahabu, unauona toka mbali. Nilisimama pale nikawaza Tabora yetu 1916, vita ya kwanza ya dunia, Wajerumani wamezingirwa wanapiga sarafu za dhahabu za rupia 15 zenye picha ya tembo kwenye karakana ya reli. Vita na sarafu vinapendana.

Haya Baba Neema vipimo viko wapi, umetuacha hewani.

Baba Neema wa Ohio

Nipo nipo, nilikuwa zamu ya usiku. Nimepima, milimita 15 kamili. Kichwani kavaa manyoya, kama kilemba hivi, na UNITED STATES OF AMERICA imemzunguka. Chini ya majani hakuna herufi yoyote. Mzani wa mfamasia jirani unasema gramu 1.69. Mwaka unasomeka ila 8 na 5 za katikati zimefifia, za pembeni 1 na 4 ziko poa, hapo ndo nimejilaumu maana nadhani ni ule mswaki. Na lehemu ipo kweli mzee wa Mwanza, kumbe ndo kile kiuvimbe nilichokuwa naona, vipo viwili, kimoja kushoto kingine kulia.

Mzee wa Sumni

Mswaki haukufuta namba jamani, tulia. Hiyo inaitwa aina ya pili, ilipigwa 1854 mpaka 1856 tu. Aliyechora ni Longacre, mchongaji wa kiwanda chao cha sarafu, kichwa cha upande wa mbele kilichongwa kimeinuka sana, sasa mashine ikigonga dhahabu inakimbilia kujaza uso wa yule mama, nyuma yake palepale kwenye katikati ya mwaka panakosa nyama. Ndo maana 8 na 5 zinafifia hata kwenye sarafu ambayo haijaguswa. Waliliona tatizo wakabadilisha kichwa 1856, kikawa kikubwa na bapa zaidi, hiyo ndo aina ya tatu iliyoenda mpaka mwisho.

Kwa hiyo umepata aina inayotafutwa kuliko zote tatu, maana anayetaka seti lazima awe nayo na miaka yake ni michache. Yako ni Philadelphia, kama laki 7 na 80 elfu hivi zilipigwa. Ingekuwa safi ungefurahi sana. Ila lehemu na mswaki vimeila. Kampuni za kupima, PCGS na NGC, zitaifunga kwenye plastiki ila bila namba ya daraja, zitaandika tu ni halisi lakini imeharibiwa, na ada yao inaweza kula faida yako. Mimi ningeenda kwenye maonyesho ya sarafu, nionyeshe wauzaji watatu tofauti na nisitaje bei mimi kwanza. Feki za aina ya pili zipo nyingi, kwa hiyo usishangae wakiikagua kwa lenzi muda mrefu.

Baba Neema wa Ohio

Wakuu nimerudi. Jumapili nilienda. Wa kwanza 150. Wa pili 210 na akasema anaichukua kwa sababu ni halisi. Wa tatu mzee mmoja wa kizungu kaweka lenzi, kakaa kimya, akaniuliza taratibu, nani kaisugua hii? Nikamwambia ni mtoto. Akatoa 225. Sijauza bado, mama Neema anasema tusubiri.

Sonara Mstaafu

Mdogo wangu nimerudi kwenye lile la lehemu, limeninyima usingizi. Kidani kina lehemu moja juu, kifungo kina lehemu mgongoni. Hii ina kushoto na kulia. Hiyo ilikuwa bangili, sarafu kadhaa zimeshikana mkono. Lile bati la vifungo mmelimwaga lote?

Baba Neema wa Ohio

Nusu tu. Ngoja nikamwamshe mama Neema.