Kipupwe kimekaza, asumini hazichanui: tupeane uzoefu

MwanaLangoni
Asalaam aleikum jamani. Mwaka huu hapa Lamu kipupwe kimezidi, usiku natafuta blanketi. Mwasumini wangu umo ndani ya pipa, kiwandani, ule uwanja wa ndani ya nyumba. Wakati wa kaskazi nachuma kikombe kizima kila alasiri. Sasa napata matumba saba, nane, na mengine yanapukutika yakiwa yamefumba, rangi ya chai. Nimezidisha maji na samadi, naona ndiyo unazidi kunyong'onyea. Mwezi ujao namwoza mtoto wa dada yangu, na kikuba, kile kishada cha maua ya kunukia, bila asumini mimi sikitambui. Wenzangu mwafanyaje?

BiMkomani
Mwanangu, acha hayo maji leo hii. Mimi niliua mwasumini alionipa mamangu kwa huruma hiyo hiyo. Kaskazi ina jua kali, mti unakunywa kweli. Kusi ni mawingu, tena masika yametoka juzi. Udongo unakaa chepechepe siku tatu, nne. Nilipoung'oa, mizizi ilikuwa myeusi, laini, inachubuka kwa kidole, na harufu yake kama matope ya mikandaa. Nililia. Siku hizi nachomeka kidole mpaka kifundo cha pili: kikitoka na unyevu, simwagi hata kata moja. Na namwagilia asubuhi, si magharibi.
Samadi ya punda usiiweke mbichi, inaunguza. Yangu naiacha ikae mpaka iwe kama udongo, haina harufu tena.

Mkulima_Malindi
Huku kwetu Malindi bustani yangu iko karibu na ufuo, na kilichonitesa ni upepo wa kusi zaidi ya baridi. Unakuja na chumvi. Majani ya upande wa bahari yalikauka kingoni kama yaliyobabuliwa kwa moto, ya upande wa pili mazima. Nikajenga ukuta wa matofali: upepo ukaruka juu, ukaangukia mawaridi kwa nguvu zaidi. Fedha nyingi ilikwenda pale. Kilichonifaa ni ua wa makuti, kwa sababu unapitisha upepo kidogo na kuupunguza makali. Kila baada ya siku mbili nasuuza majani kwa maji matamu, mapema, yakauke kabla ya usiku.

UmmuRehani
Rehani zangu salama. Asumini sizikati mpaka Agosti iishe. Machipukizi mapya ndiyo yanayobeba maua, na yakikutana na joto la tanga mbili, kusi ikiisha na kaskazi haijaanza, utafurahi.

FundiShela
MwanaLangoni, pipa liko ukuta upi? Miezi hii jua limeelemea kaskazini. Kama mti uko chini ya ukuta wa kaskazini, na nyumba zetu zilivyo ndefu, hauoni jua hata adhuhuri.

MwanaLangoni
Kakangu, ulikuwa kaskazini hasa! Nyumba nimekaa miaka yote na jambo hilo sikulitazama. Tulilisukuma pipa na wanangu wawili mpaka upande wa pili, jua linalipiga kuanzia saa nne. Maji nimekata, BiMkomani, kidole kinatoka na unyevu hata siku ya nne.
Leo ni siku ya kumi na tisa. Nimechuma ishirini na tatu, meupe kabisa, nimeyaweka kwenye kisahani karibu na kitanda. Baada ya isha yamefunguka yote.