Mrejesho: ile Land Rover ya jeshi kule Njoro

Watu wangu asanteni sana, niliuliza kama ile Land Rover Series III ya jeshi inayouzwa Njoro inafaa kufufuliwa. Aliyeniambia nisibabaike na bodi kwa sababu ni aluminiamu, haishiki kutu, nilale chini nigonge chesisi (ile fremu ya chuma inayobeba gari) na nyundo, Mungu akubariki, maana huku mbele chuma kililia vizuri lakini ile ya nyuma kabisa ya kuvutia trela nyundo ilizama, na pale pa kuweka miguu pia pameoza. Namba ya chesisi na ya logbuku ni moja, muuzaji akashusha bei, nikachukua. Fundi hapa Nakuru ameshachomelea chuma kipya, kazi safi. Kilichokataa ni ule umeme wake wa kijeshi wa volti 24, jenereta yake sijapata popote, so tumefunga ya volti 12 na stata yake (mota ya kuwashia injini) na gari inawaka.