Shemeji yupo Marekani, anaogopa kuomba hifadhi kipindi hiki. Asubiri?

Sauda_K
Wakuu habari za muda huu. Shemeji yangu (mume wa dada) aliingia Marekani kwa viza ya matembezi, kwao alikuwa kwenye chama cha upinzani na kabla hajaondoka watu walishakuja usiku kumtafuta, mwenzie walimchukua na mpaka leo haijulikani yuko wapi. Sasa kila siku anasikiliza habari, leo wamefunga hiki kesho wamefuta kile, kaingiwa na woga anasema bora upepo upite ndo apeleke maombi ya asailamu (hiyo hifadhi ya ukimbizi). Kuna mtu anamshauri ajilipue, yaani atunge stori kali zaidi, eti yake ya kawaida mno. Mwaka unakaribia kutimia tangu afike. Dada halali huku.

Mkalimani
Pole sana Sauda ila asisubiri kabisa!! Natafsiri kwenye kesi za namna hii na kinachoniuma zaidi ni mtu mwenye kesi nzuri kuchelewa. Fomu I-589, ndo ya kuombea asailamu, inatakiwa ifike ndani ya mwaka 1 tangu uingie, na hiyo siyo sera ya rais huyu wala yule, ni sheria ya 1996, marais wanapita yenyewe ipo palepale. Ukipitisha unabaki kuomba uangaliwe kwa sababu za pekee, labda ulikuwa mgonjwa sana au hali ya kwenu imebadilika, wakikataa inabaki kinga ya kutorudishwa kwenu tu. Tofauti yake ni kubwa: kwenye asailamu Mahakama ya Juu yao ilishasema 1987 hata uwezekano wa asilimia 10 wa kudhurika unaweza kutosha, kwenye ile kinga lazima uonyeshe ni zaidi ya nusu, halafu haikupi ukaazi wa kudumu na mke huwezi kumleta. Yaani dada yako ndo ataumia.

Na huyo wa kujilipua amkimbie. Ikithibitika umetunga kwa makusudi unafungiwa maisha, hupati tena chochote cha uhamiaji. Kesi yake ya kweli inatosha, mateso kwa sababu ya siasa ni moja ya sababu 5 za sheria, nyingine ni kabila/rangi, dini, uraia na kundi la kijamii.

Babu Tembo
Naunga mkono ila tusimdanganye, mambo yamebana kweli. Tangu 2025 kupeleka fomu ni dola 100 na kila mwaka kesi ikiwa bado inasubiri unatakiwa kulipa tena kama 100, zamani ilikuwa bure. Ila hizo habari zinazomtisha nyingi hazimhusu. Ile app ya miadi ya mpakani iliyofutwa Januari 20, 2025 ni ya watu wa mpakani. Idadi ya wakimbizi iliyoshushwa toka 125,000 mpaka 7,500 ni ya wanaochukuliwa wakiwa bado nje. Yeye yuko ndani tayari, aliingia na viza, mlango wake ni mwingine, sasa akijumlisha kila habari atakaa anatetemeka mpaka tarehe impite.

Sauda_K
Asanteni sana jamani nimemsomea yote. Kadi ya chama na barua za vitisho ziko huku kwa dada, tuzitume?

Mkalimani
Zipigeni picha leo leo mtume, orijino msitupe. Zilizo kwa lugha nyingine zitafsiriwe Kiingereza na mtafsiri asaini kwamba anazijua lugha zote mbili na tafsiri ni sahihi. Mke wa yule mwenzie aliyechukuliwa, kama haimhatarishi, aandike maelezo aliyoyaona kwa macho yake, tarehe, saa, walivaaje. Wakili asipoweza kulipa aulizie kwenye vyuo vya sheria, vingi vina kliniki za bure. Na akihama anapoishi sasa aitaarifu idara ya uhamiaji anwani mpya ndani ya siku 10, barua ya intavyuu ikienda nyumba ya zamani ndo basi tena.