Mwanakemia anayetengeneza dawa za mionzi hufanya nini hasa, na je, kazi hiyo ni salama?

MwalimuWaMamboleo (Kisumu) anauliza:

Salamu kwenu, wanajukwaa. Nilihitimu shahada ya kemia miaka miwili iliyopita, na tangu hapo ninafundisha katika shule moja ya upili hapa Kisumu kwa ajira ya bodi ya shule. Sasa nimepewa nafasi ya mafunzo Nairobi, katika maabara inayotengeneza dawa za mionzi, zile ambazo mgonjwa au mtu aliyejitolea kwa utafiti hudungwa, kisha akaingizwa kwenye mashine ya PET ili madaktari waone jinsi viungo vyake vinavyofanya kazi. Natakiwa kujibu kabla ya mwisho wa mwezi.

Mambo matatu yananisumbua. Nimesoma kwamba siku hizi dawa hizo hutengenezwa na mtambo unaoongozwa na kompyuta, nami sitaki kuliacha darasa langu ili nikabonyeze vitufe, kwa hiyo naomba kujua mwanakemia huhitajika kwa lipi. Jambo la pili ni mama yangu, ambaye huuza omena katika soko la Kibuye na ndiye aliyenisomesha kwa omena hiyo. Nilipomweleza kuhusu kazi hii, aliacha kupepeta, akaniuliza neno moja tu: "Na utazaa kweli?" Sikuwa na la kumjibu. Tatu, je, ujuzi huu unaweza siku moja kutumika huku kwetu, au nikiufuata nitakuwa nimehama moja kwa moja?

MkemiaWaLurambi anajibu:

Dada mwalimu, kwetu ni Kakamega, ingawa kazi hii nimeifanya mbali na nyumbani kwa miaka tisa sasa. Nitajibu swali lako la kwanza kwa urefu kwa sababu ndilo ninaloliishi.

Dawa inayotengenezwa zaidi huitwa FDG, ambayo ni sukari iliyobandikwa atomu ya florini-18. Nusu ya florini hiyo huisha kila baada ya dakika 110 hivi, uwe umemaliza kazi au hujamaliza. Ndiyo maana mgonjwa wa saa mbili asubuhi hunitoa kitandani saa nane za usiku. Saiklotroni, mashine inayozipa chembe za atomu kasi kubwa, huanza kupiga protoni kwenye mililita chache za maji yenye oksijeni-18, ambayo hugeuka kuwa florini-18, na baada ya saa moja au mbili maji hayo husukumwa kwa gesi kupitia bomba jembamba hadi kwenye kisanduku chenye kuta nene za risasi, yaani ile metali nzito. Humo ndani mikono ya mtu haiingii. Mtambo huinasa florini kwenye kichujio maalumu, huitoa kwa kabonati pamoja na kemikali iitwayo Kryptofix, kisha huikausha kwa asetonitrili, kwa maana florini iliyozungukwa na maji haishikamani na kitu. Baada ya hapo hukutanishwa na sukari iliyoandaliwa, ikasafishwa, na mwishowe ikapitishwa katika chujio lenye vitundu vya mikromita 0.22 ili kuzuia bakteria. Shughuli hiyo yote humalizika kwa nusu saa hivi.

Ni kweli kwamba mtambo ndio unaofungua na kufunga vali. Hata hivyo, mtambo hautambui kwamba ukaushaji wa leo umechukua sekunde arobaini zaidi ya jana, wala kwamba shinikizo limeshuka kidogo kuliko kawaida. Mtu ndiye anayelitambua hilo kwenye mchoro wa skrini, akajua kwamba kipete cha mpira kimechakaa au maji yamebaki pale yasipotakiwa. Hapo kemia uliyosoma ndipo inapofanya kazi, na inakufanyia kazi huku muda ukikatika.

Baadaye huja vipimo: pH, usafi wa kikemia kwa kromatografia, mabaki ya viyeyusho, mabaki ya Kryptofix, sumu za bakteria. Kuna kipimo kimoja kilichonisumbua sana moyoni nilipokuwa mgeni, nacho ni kile cha kuhakikisha kwamba hakuna vijidudu vinavyoota, kwani hicho huchukua siku 14, ilhali dawa hudungwa asubuhi ile ile. Maana yake ni kwamba unapotia sahihi, usafi wa dawa hiyo unautolea ushahidi kwa jinsi ulivyofanya kazi, kwa kuwa jibu la kipimo bado halijaja.

Kwa upande wa utafiti, kazi ni ngumu zaidi na, kwangu mimi, ndiyo yenye utamu. Kaboni-11, tunayoitumia huko, hupungua nusu kila dakika 20, hivyo maabara na mashine ya PET hulazimika kuwa jengo moja au majengo yanayopakana. Molekuli huwa mpya, njia ya kuitengeneza huenda umeibuni mwenyewe, na kiasi kinachoingia mwilini hupimwa kwa mikrogramu, ili dawa ifuatilie mwenendo wa mwili bila kuubadilisha. Kwa njia hiyo watafiti huweza kuona kama dawa mpya ya ubongo inaufikia ubongo kweli.

Nikueleze pia siku iliyonifunza uzito wa kazi hii. Katika maabara moja niliyofanyia kazi, sitaitaja, tulikuwa tumeomba kwa miezi kadhaa vipete vya mpira vibadilishwe, na hatukusikilizwa. Asubuhi moja kipete kilivuja katikati ya usafishaji. Dawa iliyobaki ilikuwa chini ya kiwango kilichoandikwa katika itifaki ya utafiti, nami nikaikataa. Mzee mmoja aliyejitolea alikuwa ameketi kwenye benchi la nje, hajala tangu jioni, amesafiri usiku kucha. Nilivua glavu nikaenda kumweleza mwenyewe, kwa sababu niliona si haki akaambiwe na mtu wa mapokezi.

MamaWawiliNakuru anajibu:

Dada, mimi ninajibu swali la mama yako. Niliandaa na kudunga dawa za mionzi kwa miaka sita kabla ya kurudi Nakuru, na katika kipindi hicho nilijifungua watoto wawili, wote wazima.

Mweleze hivi. Kwa viwango vya kimataifa, mfanyakazi hatakiwi kupita wastani wa milisiverti 20 (kizio cha mionzi inayoupata mwili) kwa mwaka, ukikokotolewa kwa miaka mitano, wala kupita 50 katika mwaka wowote mmoja. Mara mwanamke anapotoa taarifa kwamba ni mjamzito, mtoto aliye tumboni huhesabiwa kama mwananchi wa kawaida, na kwa muda wote uliobaki wa mimba hatakiwi kupokea zaidi ya milisiverti 1. Kwa sababu hiyo toa taarifa mapema, usingoje tumbo lionekane. Mimi nilihamishiwa kwenye kuandaa vifaa visivyo na mionzi na kupitia kumbukumbu, na mshahara haukupunguzwa.

Utavaa kipimo cha mionzi kifuani na kingine cha pete kidoleni, ndani ya glavu, uso wake ukielekea kiganjani upande inakokaa chupa ya dawa. Wageni wengi huivaa kama pete ya ndoa, uso ukitazama juu, na kwa hiyo husoma mionzi kidogo kuliko ile iliyofika kidoleni. Vidole ndivyo vinavyopokea zaidi katika kazi yetu. Koleo ndefu utaziona zinakuchelewesha, lakini zizoee, kwa maana ukiongeza umbali maradufu mionzi hupungua hadi robo.

Jambo moja ulichunguze kabla ya kutia sahihi. Kituo kimoja nilichokifanyia kazi kilikaa miezi minne bila kutuletea majibu ya vipimo vyetu. Nilikataa kushika dawa mpaka majibu yalipoletwa, na nilionekana mkorofi. Omba uonyeshwe majibu ya mwaka uliopita, na uulize ni nani afisa wa kinga dhidi ya mionzi. Sheria ya mwaka 2019 iliunda mamlaka ya kitaifa ya kudhibiti mambo ya nyuklia, kwa hiyo huombi hisani.

MhadhiriNjoro anajibu:

Binti yangu, wenzangu wamelisema vizuri lililo lao, nami nitagusa suala la kurudi nyumbani.

Fanya hesabu ya barabara. Florini-18 ikitoka Nairobi ikiwa sehemu 100, kwa safari ya saa tatu itafika hapa Nakuru ikiwa 32 hivi, na kwa safari ya saa saba itafika Kisumu ikiwa 7. Kwa ndege, ukijumlisha muda wa viwanjani na kuchukulia saa mbili na nusu kwa jumla, zitabaki 39, na hizo zinatosha kazi. Lisikushangaze hilo: FDG ya kwanza kudungwa binadamu, Agosti 1976, ilitengenezwa Brookhaven, New York, ikapelekwa kwa ndege hadi Philadelphia kwa watu wawili waliojitolea.

Zaidi ya hayo, si kila dawa ya mionzi inahitaji saiklotroni. Kuna kifaa kiitwacho jenereta, ambacho hakihusiani na ile ya umeme. Ndani yake hukaa jemani-68, inayopungua nusu kwa siku 271, nayo huzaa gali-68 unayoikamua kila siku na kuibandika kwenye molekuli papo hapo. Hospitali iliyo Kisumu au Eldoret ikiwa na jenereta, mashine ya PET na mwanakemia mmoja anayeaminika, itahudumia watu ambao leo hupanda basi la usiku kwenda Nairobi. Mashine zinanunuliwa. Mwanakemia huyo ndiye ninayemwona adimu, na nafasi zake bado ni chache, kwa hiyo usiende ukidhani ajira inakungoja mlangoni siku utakayorudi.

MwalimuWaMamboleo anarudi:

Nawashukuru nyote kwa dhati. Jana jioni nilimsomea mama majibu yenu nikiyatafsiri kwa Kijaluo, na lile la pete na watoto wawili alitaka nilirudie. Nimewaandikia Nairobi kukubali, na nimeomba kuonyeshwa majibu ya vipimo vya mwaka uliopita kabla ya kuripoti. Mama ana swali kwa ndugu wa Kakamega: yule mzee aliyekuwa amefunga tangu jioni, je, alirudi?

MkemiaWaLurambi anajibu:

Mwambie mama kwamba alirudi baada ya siku kumi na mbili. Vipete vyote vilikuwa vimebadilishwa, dawa ilipita vipimo, na alidungwa saa nne na robo asubuhi. Alipotoka kwenye mashine tulimpa chai na mayai mawili ya kuchemsha.