Je, ni haki Barry Bonds kubaki nje ya Jumba la Umaarufu kwa kosa ambalo ligi haikuwa ikilipima?

BabaSalim_Massachusetts (mleta mada)

Wanajukwaa, shikamooni wakubwa, na wengine habari za siku nyingi.

Mwanangu ana miaka 15 na ni mrushaji katika timu ya besiboli ya shule yake. Mimi nilikulia Tanga kwenye kandanda, na mchezo huu nimeujua ukubwani kwa kukaa pembeni ya uwanja nikimsubiri amalize mazoezi, mpaka nao ukaniingia moyoni. Juzi aliniuliza swali nikashindwa kumjibu. Barry Bonds ndiye aliyepiga homurani nyingi kuliko mtu yeyote katika historia ya ligi kuu ya Marekani, yaani mipira 762 iliyovuka uzio, na mwaka 2001 alipiga 73 katika msimu mmoja, idadi ambayo hakuna aliyeifikia. Hata hivyo hayumo katika Jumba la Umaarufu la Cooperstown. Mpira wake wa 756, ule uliovunja rekodi ya Hank Aaron mwezi Agosti 2007, umo: aliyeununua aliwaachia watu waamue kwa kura mtandaoni, wakachagua uchongwe alama ya nyota, ile inayowekwa kwenye jambo lenye walakini, ndipo akaukabidhi kwa jumba hilo. Mwanangu anauliza inakuwaje mpira upokelewe na aliyeupiga azuiwe mlangoni.

Habari za dawa za kusisimua misuli, yaani steroidi, anazotuhumiwa kuzitumia nazifahamu kwa juu juu. Ninachoomba kwa wanaoufuatilia mchezo huu kwa miaka mingi ni kuelezwa sheria ilikuwaje wakati ule, na kama ni haki kumhukumu mchezaji kwa jambo ambalo mwajiri wake hakujishughulisha kulipima. Majibu yenu nitamsomea.

Mtunza_Rekodi

Ndugu mleta mada, sheria ilikuwepo. Meno ndiyo hayakuwepo. Mwaka 1991 Fay Vincent, kamishna wa ligi, aliziandikia timu waraka akisema kwamba dawa zote zinazokatazwa na sheria za nchi, steroidi zikiwemo, ni marufuku katika mchezo. Lakini hakuna aliyepimwa, kwa sababu upimaji ulihitaji makubaliano na chama cha wachezaji, na chama kiliupinga kwa hoja ya faragha.

Kisha ukaja mgomo wa 1994, fainali za mwaka huo zikafutwa, na mashabiki wengi wakaupa mchezo kisogo. Kilichowarudisha kwa wingi ni mbio za 1998 kati ya Mark McGwire na Sammy Sosa kuifukuzia rekodi ya Roger Maris ya homurani 61, iliyokuwa imedumu tangu 1961. McGwire alimaliza na 70, Sosa 66. Agosti ya mwaka huohuo mwandishi wa shirika la habari la AP, akiwa amesimama na wenzake mbele ya kabati la McGwire, aliona kwenye rafu chupa ya androstenedioni, kitu ambacho mwili hukigeuza kuwa testosteroni, homoni ya kiume inayojenga misuli. Kamati ya Olimpiki ilikwisha kukipiga marufuku, ila ligi haikuwa imekitaja, na madukani kiliuzwa bila cheti cha daktari. Unajua nani alilaumiwa? Mwandishi, eti amechungulia kabati la mtu. McGwire mwenyewe alikuja kukiri matumizi ya steroidi mwezi Januari 2010.

Vipimo vya kwanza vilifanyika 2003, bila majina kutangazwa wala adhabu kutolewa, kwa makubaliano kwamba wakizidi asilimia 5 watakaokutwa na dawa, adhabu zitaanza mwaka unaofuata. Wachezaji walijua kabisa kwamba msimu huo watapimwa, na bado asilimia 5 ilivukwa. Msomee kijana sentensi hiyo mara mbili.

Sasa, Bud Selig, aliyeiongoza ligi kuanzia 1992 na kuendelea katika miaka yote hiyo, aliingizwa Cooperstown mwaka 2017. Bonds, katika nafasi yake ya mwisho kwa kura za waandishi mwaka 2022, alipata asilimia 66 ilhali zinahitajika 75. Aliyefaidika na viwanja vilivyofurika amepewa heshima, na aliyevijaza ameachwa nje. Hilo mimi sijaweza kulikubali mpaka leo.

Bi_Rehema_K

Kaka Mtunza Rekodi, historia umeieleza vizuri, ila kwa Bonds unamwonea huruma asiyoistahili. Asiyejua kwamba anakosea hana sababu ya kujificha. Katika kashfa ya BALCO, maabara ya California iliyowapa wanamichezo dawa hizi, dawa iliyohusika, tetrahidrogestrinoni, ilitengenezwa makusudi ili vipimo visiione. Iligunduliwa 2003 kwa sababu tu kocha mmoja wa riadha alituma bomba la sindano lenye mabaki yake kwa mamlaka ya Marekani ya kupambana na dawa hizo, na maabara ya Los Angeles ikabuni namna ya kuitambua. Bonds, akiwa chini ya kiapo mbele ya jopo la wananchi linaloamua kama mtu ashtakiwe, alisema kwamba alichopewa na mkufunzi wake alidhani ni mafuta ya kitani na dawa ya kuchua ya baridi yabisi. Ni kweli kwamba hukumu ya 2011 ya kuzuia haki isitendeke ilifutwa na mahakama ya rufaa mwaka 2015, na hilo tulitaje kwa uadilifu. Lakini mimi nikisoma maelezo yale siyaamini.

Ninachokililia ni waliokataa kutumia. Mtazame Fred McGriff, homurani 493, mtu ambaye hakuwahi kuhusishwa na dawa hizo. Kwa miaka kumi waandishi walimpita, mwaka wake wa mwisho akapata chini ya asilimia 40, kwa kuwa takwimu zake zilionekana ndogo zikiwekwa kando ya zile zilizovimbishwa. Ilibidi ifike Desemba 2022 ndipo kamati maalumu impitishe kwa kura zote 16, na kamati hiyohiyo ikamkataa Bonds. Huyo angalau tunamjua. Timu ilikuwa na nafasi 25 tu, na kila aliyezishika kwa nguvu ya sindano alimsukuma mwingine arudi ligi ndogo, kwenye safari za usiku kucha ndani ya basi na mshahara usiotosha kodi ya nyumba. Mchezaji wa 26 hana takwimu ambazo sisi tungeweza kuzibishania hapa.

Mfamasia_wa_Kisauni

Nitazungumzia mwili, kwa kuwa kuna kijana wa miaka 15 atakayesomewa haya.

Watu husema kwamba dawa haimfundishi mtu kuuona mpira, na ni kweli. Lakini msimu wa ligi kuu ni mechi 162 ndani ya takriban miezi sita, karibu kila siku. Faida kubwa ya steroidi, mbali na misuli, ni kwamba mwili uliochoka hupona haraka, hivyo anayetumia huingia uwanjani mwezi Agosti akiwa na nguvu ambazo mwenzake alizimaliza Juni. Kwa kijana anayekua madhara ni mabaya zaidi: ncha za mifupa hufunga mapema na kimo husimama, ini na moyo huelemewa, na anapoacha ghafla anaweza kuingia katika sonona nzito.

Katika kikao cha Bunge la Marekani cha tarehe 17 Machi 2005, watu wengi wanamkumbuka mchezaji Rafael Palmeiro akinyoosha kidole na kusema hajawahi kutumia steroidi. Agosti mwaka huo akafungiwa baada ya kukutwa na stanozololi, aina ya steroidi. Siku hiyohiyo alitoa ushahidi Don Hooton, baba kutoka Texas, ambaye mwanawe alikuwa mrushaji wa timu ya shule, akatumia dawa hizo ili aongeze mwili, na mwaka 2003 akajiua. Kila ninapouzungumzia mjadala huu naanzia kwa baba huyo.

Siku hizi adhabu ni mechi 80, kisha msimu mzima, kisha maisha. Mchezaji Fernando Tatis Jr. alifungiwa 80 mwaka 2022 kwa klosteboli, steroidi nyingine, akaeleza kwamba ilitokana na dawa ya mapunye. Kwa hiyo kila kinachopakwa au kumezwa kisomwe kwanza.

BabaSalim_Massachusetts (mleta mada)

Nawashukuruni nyote. Nimemsomea jana jioni. Yeye angali upande wa Bonds, ila anataka, siku akiingizwa jumbani, maelezo ya alama ya nyota yaandikwe kwenye bamba lake la heshima pia. Mimi nimehamia upande wa Bi Rehema, na kuhusu Selig nakubaliana na Mtunza Rekodi.

Tulipofika kwa yule baba wa Texas alinyamaza, akaenda chumbani, akarudi na mkebe wa unga ambao wenzake wa timu wananunua kwa kuchangiana. Umebaki robo. Nyuma yake kuna viambato kumi na vinne, na viwili sijawahi kuvisikia. Ndugu Mfamasia, nikikutumia picha ya karatasi yake leo, utaweza kunisomea?