Kiwanda kinabadilisha mfumo na mimi nimeitwa supayuza, nisaidieni

Kutoka: dada wa Coventry

Hamjambo wote, poleni na baridi. Mimi niko kwenye kiwanda cha sambusa na chapati za kugandisha hapa Coventry, Uingereza, niliingia nikiwa napakia tu, sasa ni mwaka wa tano niko stoo. Tulikuwa watu 12, leo tumefika 90 na kitu na mzigo unaenda mpaka supermaketi. Shida ni mfumo wetu wa kompyuta, ule wa kupanga uzalishaji na kuhesabu stoku. Jamaa aliyeutengeneza alishastaafu zamani, seva yenyewe iko chini ya ngazi pembeni ya ndoo za kudekia na ikigoma kuna kaka mmoja tu anajua pa kuigonga, sitanii. Sasa bosi kanunua mfumo mpya, wanauwasha wiki ya mwisho ya Januari, na juzi kaniita ofisini ananiambia mimi ndo supayuza wa stoo, yaani nijifunze kwanza, niwafundishe wenzangu, nikae na wale washauri wa kampuni ya programu. Hela hajataja hata kwa bahati mbaya. Nikubali? Na wenzangu wameanza kusema mashine inakuja kutuondoa na mimi ndo naifungulia mlango.

---

Kutoka: kaka wa Birmingham

Dada yangu kubali, ila usikubali kwa mdomo na usikubali leo. Nitakuja huko kwenye hela, ngoja kwanza nikuhadithie manake mimi nimetoka humo humo na bado nina kovu.

Sisi yetu ilianza na haradali. Mnakumbuka Septemba 2024 mamlaka ya chakula ya hapa, FSA, walitangaza mtu mwenye mzio wa karanga asiguse kwanza kitu chochote chenye haradali, kwa sababu kuna haradali iliyotoka India ilikutwa imechanganyika na karanga. Bidhaa zikaanza kurudishwa. Siku hiyo asubuhi supermaketi wakatupigia, maswali yao manne tu: haradali yenu mmenunua kwa nani, bechi gani, imeingia kwenye nini, imekwenda wapi. Mfumo wetu ulikuwa unajua tuna haradali kilo 75, basi, hapo ndo mwisho wa elimu yake. Namba za bechi alikuwa nazo mama mmoja wa chumba cha viungo, Mgujarati aliyezaliwa Kampala, ambaye Kiswahili chake ni cha sokoni lakini akikutukana unaelewa vizuri sana, anaziandika kwa mkono kwenye daftari la shule, kurasa zote zina vidole vya manjano vya bizari. Tulikaa naye siku mbili na usiku mmoja. Yeye anasoma, mimi naandika, mwingine anatafuta karatasi za gari. Mwisho ikaonekana haradali yetu wala haikutoka huko, tuko salama kabisa. Siku mbili kujua kwamba hatuna tatizo! Na wenzetu wa supermaketi wakati huo washaondoa mzigo kwenye rafu.

Hapo ndo bosi wetu akaamka. Sheria ya hapa haikulazimishi uwe na kompyuta, inataka ujue kitu umepata kwa nani na umempa nani, hatua moja nyuma na moja mbele. Ila wale wakaguzi wa BRCGS, yaani kipimo cha usalama wa chakula ambacho supermaketi zinakiamini, wanachukua kifurushi kimoja tu hapo rafuni wanakwambia nifuatie hiki mpaka malighafi zake zilipoingia na mahesabu ya kilo yatimie, na una saa 4. Kwa daftari saa 4 unazimaliza unatafuta miwani.

Sasa tukanunua ule mfumo mkubwa, wanaziita ERP, kila kitu ndani, manunuzi, stoku, mapishi, hesabu za fedha. Na hapa sikiliza vizuri kwa sababu ndo kazi yako itakapokuwa. Kwenye mfumo wa zamani vitunguu vilikuwa vinahesabiwa kwa gunia. Gunia 1. Ila muuzaji wa kwanza gunia lake kilo 10 na wa pili kilo 25, na vijana wa stoo walikuwa wanajua kwa macho, la wavu mwekundu ndo dogo, la wavu wa njano ndo kubwa, hakuna aliyewahi kuandika popote. Washauri wakachukua data za zamani wakazihamisha kama zilivyo. Wiki ya kwanza mfumo mpya unatuambia vitunguu vipo vya siku tisa, ukaenda kuangalia stoo hakuna kitu, maganda tu. Watu 30 wamesimama kwenye mkanda wamevaa nyavu za kichwani wanaangaliana. Na kumenya nako kuna hasara yake, kilo uliyonunua sio kilo inayoingia sufuriani, na hiyo pia ilikuwa kichwani kwa msimamizi wa jiko na sio kwenye kompyuta. Kwa hiyo mimi ningekuwa wewe hata kabla ya mafunzo ningechukua mizani na kalamu nikapima kila kitu kinachoitwa gunia, ndoo, kopo na boksi, nikaandika kilo. Mshauri hawezi kukufanyia hiyo, hajui wavu mwekundu ni nini.

Alafu hii Januari. Hii ndo imenifanya niandike barua ndefu. Dada, Ramadhani ya 2026 inaingia kama tarehe 18 Februari, siku moja nyuma au mbele kutegemea mwezi. Nyinyi mnauza SAMBUSA. Mnawasha mfumo wiki tatu kabla ya Ramadhani? Mwambie bosi akasome yaliyowapata Hershey wa Marekani, hawa wa chokoleti, mwaka 1999 waliwasha mifumo mitatu mipya kwa mpigo mwezi wa saba, kwa haraka haraka, ilipofika Halloween, sikukuu yao ya peremende, peremende zimejaa maghala na oda haziendi, wakashindwa kupeleka mzigo wa karibu dola milioni 100. Chokoleti ipo. Mteja yupo. Kompyuta ndo haijui ipo wapi. Na hao ni Hershey wenye pesa zao, nyie na hiyo seva ya kugonga mtakuwaje.

Na hapo hapo kwenye Ramadhani kuna kitu kingine hao washauri hawakijui kabisa. Mfumo wa kupanga uzalishaji mara nyingi unaangalia wiki kama hii mwaka jana mliuza kiasi gani. Kwa mtu wa mikate ya Krismasi sawa, Disemba 25 haihami. Ramadhani inarudi nyuma siku 10 au 11 kila mwaka, 2024 ilianza tarehe 11 Machi, 2025 tarehe 1 Machi, kwa hiyo 2026 ukiiachia kompyuta iamue itakuagizia unga wa Ramadhani wakati watu washafunga kama siku kumi wanataka sambusa jana. Kwetu kila mwaka alikuwa anasahihisha mzee mmoja kwa kalamu bila kumwambia mtu. Alipoenda likizo ndo tukajua alikuwa anafanya kazi gani. Waambie waweke kalenda ya Kiislamu kama tukio, inawezekana, ila lazima mtu aombe.

Mengine haraka haraka. Orodha mkizipitisha kwenye Excel mtaumia, bakodi ya tarakimu 13 inageuka 5.01E+12, namba ya bechi 3-12 inakuwa tarehe, sifuri za mbele zinapotea, kwa hiyo safu hizo zifanyeni maandishi kabla hamjabandika kitu. Skana na tableti zijaribiwe NDANI ya friza kwenye nyuzi 18 chini ya sifuri na mtu akiwa amevaa glavu za kazi, sio ofisini na kikombe cha chai. Zetu betri zilikuwa zinakufa baada ya dakika arobaini na kioo hakisikii kidole chenye glavu iliyolowa, watu wakawa wanavua glavu kwa meno. Lebo pia, gundi ya kawaida inabanduka kwenye baridi, asubuhi tunakuta lebo 60 zimelala chini kama majani ya mwarobaini na maboksi hayana jina.

Haya hela. Supayuza ni kazi mbili, ya mchana na ya kufundisha, na wiki ya kuwasha utalala hapo. Omba barua yenye cheo, saa za ziada zitalipwaje, nani anashika stoo ukiwa kwenye mafunzo. Na kama uko kwa viza ya Skilled Worker, ile ya kufanya kazi kwa udhamini wa mwajiri, angalia ile namba ya aina ya kazi iliyoandikwa kwenye cheti cha ufadhili, kazi ikibadilika mpaka ikaingia namba nyingine inabidi viza iombwe upya KABLA hujaanza, usije ukapandishwa cheo ukajikuta matatizoni. Muulize HR, yaani ofisi ya wafanyakazi, kwa barua pepe ibaki maandishi.

Kuhusu kuondolewa, sitakudanganya. Kwetu waliondoka wawili wa ofisini waliokuwa wanaingiza karatasi kwenye kompyuta. Wa stoo hakuondoka hata mmoja, na yule mama wa viungo saa hizi yuko kwenye chumba cha ubora, anaogopewa kuliko zamani. Daftari bado anaandika lakini.

---

Kutoka: mjomba wa Minneapolis

Salaam alaykum. Ndugu wa Birmingham amemaliza maneno, mimi naongeza moja tu la tarehe. Kiwanda chetu huku Marekani tunatengeneza vyakula vya kupasha moto, tulinunua programu ya Kiingereza (ya Uingereza namaanisha) na Wamarekani wanaanza na mwezi. 03/04 huku ni tarehe 4 Machi, huko kwenu ni tarehe 3 Aprili. Kuhamisha data ikageuka nusu nusu, manake 25/04 ilikataa ikatoa kosa tukaiona, lakini zote zenye siku chini ya 13 zilipita kimya kimya. Tukawa na kuku ambaye kwenye kompyuta amebakiza mwezi na kwenye friji ananuka. Tumemtupa mwingi sana. Andikeni mwezi kwa herufi, MAR, APR, mambo yaishe.

Huku FDA, mamlaka ya chakula na dawa, nao wana sheria yao mpya ya kufuatilia chakula, kwa vile vyakula vilivyo kwenye orodha yao, kama giligilani mbichi, ukiulizwa una saa 24 kutoa orodha ya kompyuta. Ilikuwa ianze Januari 2026, wameisogeza mpaka Julai 2028, na bosi wetu aliposikia imesogezwa akapumua akarudisha bajeti mfukoni. Na ufuta huku umeingia kwenye orodha ya mzio tangu 1 Januari 2023, nyie mko nao kwenye zile 14 zenu siku nyingi. Angalieni mfumo mpya ukiwashwa kila pishi limebeba mzio wake, sio limehamishwa jina tu. Dada hilo mwambie mtu wa ubora ahakiki kwa macho pishi moja moja, asiamini kompyuta imesema imemaliza.

---

Kutoka: dada wa Coventry

Ahsanteni sana kaka na mjomba, Mungu awaweke. Nimeenda kwa bosi jana na hoja ya Ramadhani, nikamchorea kwenye karatasi, mwaka juzi hapa, mwaka jana hapa, mwaka huu hapa. Akanyamaza kidogo akauliza kwa nini hakuna aliyemwambia. Nikamwambia si ndo nakwambia. Yule mshauri alikuwa kwenye simu akasema tarehe iko kwenye mkataba, bosi akamjibu sambusa pia ziko kwenye mkataba. Wamesogeza mpaka baada ya Idd, katikati ya Aprili, na mpaka hapo wataendesha stoo peke yake kwenye mfumo mpya pembeni ya wa zamani tuone.

Barua ya cheo ameahidi Ijumaa. Mimi ni mkazi wa kudumu kwa hiyo ya viza haijanigusa, lakini nimemtumia mwenzangu mmoja wa shifti ya usiku aisome, yeye imemgusa na alikuwa hajui.

Na magunia nimeanza. Leo nimepima vitunguu, viazi na unga, kaka ulivyosema ni kweli ila sisi ni mbaya zaidi, kuna kitu kwenye mfumo kinaitwa "ndoo ya Juma" na hakuna Juma hapa kiwandani, nimeuliza shifti zote tatu. Inachukua kilo 17 na nusu za nyama ya kusaga. Ipo, ya bluu, imevunjika mshikio, na mapishi manne yanaitegemea.